Mwenye Waya Ndiye Mkubwa

Ukitaka kujua nani mkubwa katika ofisi yoyote ya mjini, achana na vibao vya milangoni. Inama chini ya meza, shika waya wa printa, ufuate mpaka unapoishia. Anayekalia kompyuta utakayoikuta huko ndiye mtawala. Kwetu sisi, ghorofa ya tatu katikati ya Dar es Salaam, waya unaishia kwa dada wa mapokezi. Mkurugenzi ana kiti cha kuzunguka, ana kiyoyozi, ana picha kubwa ukutani akipeana mkono na waziri. Lakini akitaka karatasi itoke, na yeye anasimama pembeni ya meza ya mapokezi, mikono nyuma, anasema, "Dada, ukipata nafasi."

Na dada hapati nafasi hovyo. Kuna simu, kuna wageni, kuna chai, kuna mazungumzo na jirani wa ofisi ya pili. Sisi tunasubiri huku tukisifia mtindo wa nywele. Mtu mwenye shahada mbili unamsikia anasema, "Hizi rasta zimekupendeza kweli kweli," na wote tunajua anataka kuprinti kurasa arobaini.

Utaratibu wenyewe ni wa kutia huruma. Unaandika barua yako, unaihamishia kwenye flashi, unaibeba mpaka mapokezi. Dada anaipokea kwa ncha za vidole viwili na kuuliza, "Hii haina virusi?" Tangu ofisi hii ifunguliwe hakuna aliyewahi kujibu kwamba inavyo. Anaichomeka, inagoma. Anaigeuza, inagoma. Anaigeuza tena, ikawa vile vile ilivyokuwa mwanzo, na sasa inaingia. Anaifungua, anakuta kila folda imegeuka njia ya mkato isiyokufikisha popote. Anakuangalia. Unaangalia dari.

Kwa hili la kugeuzageuza, mtu wa kumuuliza anajulikana. Anaitwa Ajay Bhatt, mhandisi mzaliwa wa India, aliyeongoza timu ya Intel katika kuibuni USB. Toleo lake la kwanza lilitoka Januari 1996. Amewahi kueleza kwamba plagi ya kuingia upande wowote ingehitaji nyaya na saketi mara mbili, na gharama ingekuwa mara mbili pia, kwa hiyo wakachagua unafuu. Plagi ya kuingia upande wowote, USB-C, ilikuja mwaka 2014. Miaka 18 ya kugeuzageuza, dunia nzima, ili waya uwe wa bei poa. Hilo nimemsamehe. Na mimi nanunua waya kwa kuangalia bei.

Nisilowasamehe ni jingine. Katika USB, kompyuta ndiyo yenye kauli. Kifaa hakisemi mpaka kiulizwe. Kikiulizwa kinajibu, kisha kinanyamaza kusubiri swali lingine. Kila kifaa hupewa namba, na namba zilizopo ni 128. Sifuri huwekwa akiba kwa ajili ya mgeni aliyechomekwa sasa hivi na bado hajapewa namba yake, kwa hiyo zinabaki 127. Maana yake kidhibiti kimoja cha USB ndani ya kompyuta moja kinaruhusiwa kutawala vifaa 127. Kibodi, mausi, skana, kamera, printa, feni ya mezani, mpaka uchoke. Lakini kifaa kimoja kuwa na kompyuta mbili kwa wakati mmoja? Mwiko.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na wataalamu. Walipokaa kule Marekani kuchora mambo yao, walimfikiria mtu mmoja mwenye vifaa vingi na matundu machache. Ndiyo shida waliyokuwa nayo, na waliitatua vizuri. Shida yetu sisi imesimama kichwa chini: kifaa ni kimoja, wenye haja ni ofisi nzima. Printa moja, skana moja, na watu wanaotosha kuunda timu ya mpira pamoja na wa akiba. Hatujawahi kukosa matundu ya USB katika jengo hili. Tuna matundu mpaka mengine yamejaa makombo ya maandazi.

Mkurugenzi aliamua kulitatua kwa fedha. Alikwenda Kariakoo, akarudi na waya wa USB wa mita kumi, akautandaza kutoka kwenye printa, ukapita chini ya zulia mpaka chumbani kwake. Tuliitwa kushuhudia. Kompyuta yake ililia ile sauti ya kupokea kifaa, akatabasamu. Kabla tabasamu halijakamilika ikalia ile ya kupoteza kifaa. Ikapokea tena, ikapoteza tena, ikaendelea hivyo mpaka akaizima spika. Waya wa USB 2.0 mwisho wake ni mita 5, kwa sababu kompyuta ikiuliza swali inasubiri jibu kwa muda unaohesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde; jibu likichelewa njiani, kifaa kinahesabiwa hakipo. Muuza waya hakuyataja hayo. Yeye aliulizwa urefu, akatoa urefu. Waya ule sasa tunaanikia taulo za jikoni.

Baadaye akaja mtu akatuunganishia printa kwa njia ya kawaida: printa ikabaki kwa dada, lakini kompyuta ya dada ikawa wakala. Sisi tunatuma kazi kwa mtandao wa ofisi, kompyuta yake inaipokea na kuipeleka kwenye printa. Njia hii ni ya zamani na inafaa, japo ina visirani vyake. Mwaka 2021 uligunduliwa udhaifu mkubwa katika huduma ya kuchapisha ya Windows, ukapewa jina la PrintNightmare, na tangu hapo milango ikaanza kukazwa. Masasisho ya Septemba mwaka huo yakaziacha kompyuta nyingi duniani zikitoa namba 0x0000011b kila zikitaka kuungana na printa ya jirani. Waulize mafundi wa rika hilo, watakutajia namba hiyo bila kuangalia popote.

Kwetu sisi kilichokwamisha kilikuwa cha kienyeji zaidi. Kwanza, wakala anatakiwa awe macho. Dada akizima kompyuta yake saa kumi na nusu, printa ya ofisi nzima imelala, hata kama mwenye dharura ni mkurugenzi. Pili, siku ya kwanza tu ya mpango huo, dada alipoona karatasi zinatoka bila mtu kumsalimu, alinyanyuka taratibu, akatoa karatasi zote kwenye trei, akachukua na marimu yaliyobaki, akayafungia kwenye droo. Ukatuma kazi yako kwa mtandao, ikafika vizuri, printa ikaanza kuwaka taa nyekundu. Ukainuka, ukatembea, ukafika. "Dada, za asubuhi? Rasta mpya hizo?"

Basi tungeendelea kuishi hivyo kama si ile harusi ya Tanga.

Programu yetu ya hesabu haifunguki bila kifunguo chake. Ni kidude cha USB chenye urefu wa kidole gumba na taa ya kijani. Kisipochomekwa, programu inakutolea maandishi mekundu na kukaa kimya. Waliotengeneza waliogopa isinakiliwe, na fedha waliyoitoza inaonyesha waliogopa kwelikweli. Kifunguo hicho anacho mama mhasibu, na mama mhasibu ni mtu wa amana. Amekifunga kwenye tita moja na ufunguo wa nyumba, wa stoo na wa kabati la vyombo vya wageni. Popote aendako, kinakwenda.

Akaenda Tanga kumwoza mpwa wake. Siku hiyo hiyo mteja mkubwa akataka ankara yake ndipo alipe. Tukapiga simu. Ngoma zinasikika hadi huku.

"Shikamoo mama. Samahani, ule ufunguo wa hesabu..."

"Marahaba mwanangu. Usiwe na wasiwasi, ninao hapa hapa, uko salama kabisa."

Usalama wenyewe ndio ulikuwa tatizo. Kifunguo kikaja kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya mfuko wa machungwa, na mtu akatumwa Mbezi kukisubiri mpaka usiku. Mteja alipata ankara yake kesho yake. Sisi tulipata machungwa.

Ndipo akaitwa fundi kijana, mmoja wa hawa wenye begi mgongoni na maneno machache. Akatusikiliza wote tukilalamika kwa pamoja, kisha akasema, "Wazee wangu, kinachotakiwa kusafiri ni ujumbe. Kifaa kikae tu." Akatoa kwenye begi kompyuta ya Raspberry Pi, bodi tupu yenye ukubwa wa kadi ya benki, akaiweka kwenye rafu ya korido karibu na swichi ya mtandao. Akaichomeka printa pale, skana pale, na baada ya majadiliano marefu yaliyohusisha kiapo, kifunguo cha mama mhasibu pale.

Alichofanya kina historia ya heshima. Kinaitwa USB/IP, na kilibuniwa na mtafiti wa Kijapani, Takahiro Hirofuchi, na wenzake wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nara, waliokiwasilisha mwaka 2005. Wazo ni hili: ile kompyuta ndogo ya korido inakaa jirani na kifaa, ndiyo inayoendesha maswali na majibu ya haraka. Kompyuta yako ya mezani inajitengenezea tundu la USB la kubuni, lisiloonekana kwa macho. Ukitaka kifaa, maombi yako yanafungwa ndani ya vifurushi vya kawaida vya mtandao, yanakwenda korido kupitia mlango namba 3240, kule yanafunguliwa na kupelekwa kwenye kifaa, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Kompyuta yako inaamini kabisa kwamba kifaa kimechomekwa ubavuni mwake. Linux iliwahi kukiweka kitu hiki kwenye chumba cha matazamio kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2014, katika toleo la 3.17, kikaingia rasmi ndani ya kiini chake.

Fundi akafungua skrini nyeusi. Kule korido akaandika amri ya kukiachia kifaa. Akaja mezani kwa mama mhasibu, akaandika amri ya kukiita. Kompyuta ikalia ile sauti ya kupokea kifaa, na programu ya hesabu ikafunguka bila kinyongo. Mama mhasibu akaangalia ubavu wa kompyuta: hakuna kitu. Akaangalia tita lake la funguo: lina pengo. Akainuka, akaenda korido, akakikuta kifunguo kinawaka kijani kule kule kwenye rafu. Akarudi, akakaa.

"Astaghfirullah. Sasa mwanangu, kama mimi naweza kukivuta kutoka hapa, mwingine je?"

Katika watu wote tuliokuwa tunapiga makofi, huyu peke yake ndiye aliyeuliza la maana. Fundi alikohoa. Ukweli ni kwamba USB/IP yenyewe haiulizi neno la siri wala haifichi yanayopita njiani. Aliye ndani ya mtandao na anayejua amri anaweza kukiita kifaa kama wewe. Ndiyo maana inatakiwa ibaki ndani ya mtandao wa ofisi, mlango ule 3240 usifunguliwe kwenye intaneti hata kwa dakika moja, na mgeni wa ofisi apewe waifai yake ya pembeni. Na kwa vifunguo vya programu, soma mkataba kwanza. Ipo mingine inakataza mambo haya, na mama mhasibu aliusoma wa kwetu wote, kwa miwani, ndipo akakubali.

Nikadhani tumemaliza. Nikatuma barua yangu kutoka kwenye meza yangu, nikaambiwa kifaa kinatumika.

Hili ndilo ambalo tangazo lolote la teknolojia halikuambii mapema. Mtandao umerefusha waya, basi. Ile sheria ya 1996, kwamba kifaa kina bwana mmoja, haikuguswa. Ni ndoo moja ya kisimani iliyofungiwa kamba ndefu ya kufika kila nyumba: ikiwa kwako, haiko kwangu. Na kuna sababu ya msingi. Chukua flashi, uziruhusu kompyuta mbili ziiandike kwa pamoja. Kila moja ina hesabu yake ya wapi pana nafasi na wapi pana faili, hakuna inayojua ya mwenzake, na ndani ya muda mfupi ripoti ya mwaka imeandikwa juu ya picha za harusi. Kwa hiyo mmoja akikishika kifaa, wengine wote wanafungiwa nje, mpaka yule aliyekishika akiachie.

Akiachie. Hapo ndipo panapotaka malezi. Mkurugenzi aliita printa kwenye laptopu yake, akachapisha ukurasa mmoja, akaifunga laptopu bila kuachia chochote, akaondoka kwenda Dodoma. Kule korido kumbukumbu ikaendelea kusema printa inatumika. Tukabaki tunaiangalia. Printa iko hapa, taa inawaka, karatasi zimo (dada ametoa mwenyewe, kwa huruma), wino upo, na haitaki mtu. Tulipompigia mkurugenzi alisema, "Mbona mimi nimeshamaliza?"

Skana nayo ina yake. USB 2.0 inaweza kupitisha megabiti 480 kwa sekunde. Swichi yetu ya mtandao, iliyonunuliwa kwa kigezo kile kile cha bei poa, mwisho wake ni megabiti 100, na hizo tunagawana na mtu wa masoko anayeangalia mechi. Kwa hiyo mkataba wa kurasa ishirini unaingia taratibu, mstari kwa mstari, unapata muda wa kuusoma wote kabla haujafika. Mtu mmoja alijaribu kuiita kamera ya mkutano kwa njia hiyo, picha ikawa inaruka. Kila akifungua mdomo sauti ilikuwa imeshapita. Vifaa vinavyodai mwendo usiokatika havipendi safari za mtandao.

Umeme ukikatika, kila kifaa kinarudi kwenye himaya ya korido, na amri zote zinatakiwa ziandikwe upya. Fundi yuko Mbagala. Fundi anasema, "Nakuja."

Mkurugenzi aliporudi kutoka Dodoma aliitisha kikao na kutoa suluhisho lisilohitaji mtaalamu wa Japani: ratiba. Kila idara ina saa zake za kuiita printa na saa zake za kuiachia. Msimamizi wa ratiba, kwa kura zote, ni dada wa mapokezi. Anayo kwenye daftari la mistari, kaiandika kwa kalamu ya wino mwekundu, na kubadilishana zamu lazima kupitie kwake, kwa maombi ya mdomo, asubuhi, kabla hajanywa chai.

Nisieleweke vibaya. Kwa kifunguo cha hesabu, mpango wa yule kijana ni dawa. Mama mhasibu amekwenda harusi nyingine na ankara zinatoka. Kitu kinachohitajiwa na mtu mmoja kwa zamu, kilichotengenezwa kiwe cha mtu mmoja, kirefushie waya na umshukuru Hirofuchi. Printa ndiyo tunaionea. Zipo printa zenye tundu lake la mtandao kwa nyuma. Hiyo unaichomeka kwenye swichi yenyewe, haina bwana, inapokea kazi kutoka kwa kila mtu, inazipanga foleni yenyewe na kuzitoa moja baada ya nyingine. Tunakesha kuikwepa sheria ya kifaa cha mtu mmoja, wakati kifaa cha watu wengi kinauzwa Kariakoo, mitaa ile ile ulikotoka waya wa taulo.

Nimeyaandika haya yote vizuri katika waraka, kwa adabu, nikampelekea mkurugenzi kwa simu. Amejibu kwamba wazo ni zuri sana na fedha haikosekani. Anachohitaji ni profoma tatu kutoka maduka matatu tofauti, zilizochapishwa, zigongwe mhuri na kuambatanishwa na barua ya maombi nakala mbili.

Nimekwenda kuangalia kwenye daftari. Zamu ya idara yangu ni Alhamisi mchana. Alhamisi ni sikukuu.